Jedwali la Elementi Bila Kukariri Mishale: Mwongozo Kamili wa Mabadiliko ya Sifa za Atomu na Ioni

Mwanafunzi wa kemia anapoingia kidato cha tano, mara nyingi huwa amekwisha kukariri mishale minne au mitano: ukubwa wa atomu hupungua ukienda kulia na huongezeka ukishuka chini, nishati ya kung'oa elektroni hufanya kinyume chake, na kadhalika. Mishale hiyo si ya uongo. Hata hivyo haimsaidii akiulizwa kwa nini ioni ya floridi (ioni ni atomu iliyopata chaji kwa kupoteza au kupokea elektroni) ni kubwa kuliko ioni ya sodiamu ilhali zote mbili zina elektroni kumi, wala kwa nini oksijeni hung'olewa elektroni kwa urahisi kuliko nitrojeni iliyo kushoto kwake. Katika kusahihisha madaftari nimeona kwamba wanaokwama hapo si wavivu, bali walipewa majibu kabla ya kuonyeshwa yanakotoka. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: tutaanza na mvutano kati ya kiini na elektroni, kisha tutaitumia hoja hiyo moja, hatua kwa hatua, hadi ituzalie kila sifa tunayoitaka.

Uwe na jedwali la elementi lenye namba za atomu, karatasi na penseli. Ukubwa tutaupima kwa pikomita, yaani sehemu moja ya trilioni ya mita, na nishati kwa kilojuli kwa moli, moli ikiwa kipimo cha idadi ya atomu.

Hatua ya kwanza: Fahamu jedwali limepangwa kwa kitu gani

Dmitri Mendeleev wa Urusi alipochapisha jedwali lake mwaka 1869, alizipanga elementi zilizojulikana wakati huo, zipatazo 63, kwa kufuata uzito wa atomu na mfanano wa tabia. Palipokosekana elementi ya kufaa, aliacha nafasi wazi na kutabiri sifa za elementi ambayo ingekuja kuijaza. Galiamu ilipatikana mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879 na jerimaniamu mwaka 1886, nazo zikakaa katika nafasi hizo. Pamoja na ushindi huo, uzito uligoma mahali pachache: teluriamu ina uzito wa 127.6 na iodini 126.9, kwa hiyo kwa kufuata uzito peke yake iodini ingetangulia na kutupwa katika kundi lisilo lake. Mendeleev aliamini tabia kuliko mizani, akaiacha iodini pamoja na klorini na bromini. Ni mwaka 1913 ndipo Mwingereza Henry Moseley, kwa kupima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, alipoonyesha kwamba kinachopanga jedwali ni chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni.

Jambo hili ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Kila unapohama chumba kimoja kwenda kulia, unaongeza protoni moja katika kiini na elektroni moja kuizunguka. Mstari wa kulala huitwa kipindi, na namba yake hukuambia atomu ina maganda mangapi ya elektroni. Safu ya kusimama huitwa kundi, na elementi za kundi moja zina idadi ileile ya elektroni katika ganda la nje, jambo linalozifanya zifanane tabia kama ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya pili: Kokotoa mvuto unaoifikia elektroni ya nje

Chukua sodiamu. Ina protoni 11, na elektroni zake zimepangwa 2, 8, 1. Ile elektroni moja ya nje inavutwa na protoni 11, lakini kati yake na kiini zimesimama elektroni kumi zenye chaji hasi, ambazo zinaisukuma nje. Elektroni hizo za ndani ni kama umati uliosimama baina yako na jiko usiku wa baridi: moto ni uleule, ila joto linalokufikia si lote. Tuite mvuto unaobaki baada ya kinga hiyo chaji inayohisiwa.

Kwa kukadiria haraka, toa idadi ya elektroni za maganda ya ndani kutoka idadi ya protoni. Sodiamu: 11 kutoa 10 ni 1. Klorini, yenye mpangilio wa 2, 8, 7: 17 kutoa 10 ni 7. Makadirio hayo yanatosha kwa maswali mengi, lakini yanachukulia kwamba elektroni za ndani zinakinga kikamilifu na kwamba zile za ganda moja hazikingani kabisa, na yote mawili si kweli. Mwaka 1930 Mmarekani John Slater alitoa kanuni nyepesi ya kurekebisha kasoro hiyo. Kwa elektroni ya nje ya aina ya s au p, yaani iliyo katika obitali (sehemu ndogo za ganda) zenye majina hayo, kila mwenzake aliye katika ganda lilelile anakinga 0.35, kila elektroni ya ganda linalofuata kwa ndani inakinga 0.85, na zilizo ndani zaidi zinakinga 1 kamili.

Fanya hesabu hii kwa mkono wako mara tatu, kwani hapa ndipo somo linapofunguka. Sodiamu: elektroni nane mara 0.85 ni 6.8, ongeza mbili za ndani kabisa, jumla ya kinga ni 8.8, basi 11 kutoa 8.8 ni 2.2. Klorini: wenzake sita mara 0.35 ni 2.1, nane mara 0.85 ni 6.8, na mbili za ndani, jumla 10.9, basi 17 kutoa 10.9 ni 6.1. Sasa potasiamu, yenye 2, 8, 8, 1: nane mara 0.85 ni 6.8, na kumi za ndani zaidi, jumla 16.8, basi 19 kutoa 16.8 ni 2.2.

Tazama matokeo hayo kwa makini. Kutoka sodiamu hadi klorini chaji inayohisiwa imepanda kutoka 2.2 hadi 6.1, ingawa ganda la nje ni lilelile la tatu. Kutoka sodiamu hadi potasiamu, protoni zimeongezeka nane, lakini chaji inayohisiwa haikubadilika kwa hesabu hii. Kilichobadilika ni umbali, kwa sababu elektroni ya nje imehamia ganda la nne. Kwa hiyo, ukienda kulia hoja yako kuu iwe ongezeko la mvuto, na ukishuka chini iwe ongezeko la umbali. Mwanafunzi anayeandika kwamba atomu huwa kubwa ukishuka kwa sababu protoni zimeongezeka anakosa alama kwa haki, maana protoni peke yake zingeifanya iwe ndogo.

Hatua ya tatu: Tabiri ukubwa wa atomu

Atomu haina ukingo kama chungwa. Elektroni zake hufifia polepole kadiri unavyokwenda mbali na kiini, na kwa sababu hiyo wanakemia hupima umbali kati ya viini viwili vya atomu zilizoungana au zilizogusana, kisha huugawa kwa mbili. Nusukipenyo cha metali hupatikana katika kipande cha metali, na cha simetali katika molekuli. Ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kutoa tarakimu zinazotofautiana kidogo bila hata kimoja kuwa na kosa. Usichanganye tarakimu za vitabu viwili katika swali moja.

Katika kipindi cha tatu, sodiamu ina nusukipenyo cha pikomita 186, magnesiamu 160, alumini 143, na klorini iliyo karibu na mwisho ina 99 tu. Atomu ya klorini ina elektroni sita zaidi ya sodiamu, na bado ni karibu nusu yake kwa upana. Katika kundi la kwanza mambo yanageuka: lithiamu 152, sodiamu 186, potasiamu 227, rubidiamu 248, sesiamu 265.

Ukubwa huu hauishii kwenye karatasi. Aliyewahi kuona sodiamu ikitolewa katika chupa ya mafuta ya taa maabarani anakumbuka kwamba mwalimu huikata kwa kisu kama anayekata jibini, na kwamba uso uliokatwa hung'aa kama fedha kwa muda mfupi sana kabla ya kufifia na kuwa wa kijivu mbele ya macho yenu. Ulaini huo unatokana na atomu kubwa zenye elektroni moja tu ya kuchangia katika kushikana. Kadiri atomu zinavyokuwa kubwa zaidi ndivyo zinavyoshikana kwa ulegevu zaidi: lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 180.5 za Selsiasi, sodiamu kwenye 97.8, potasiamu kwenye 63.5, rubidiamu kwenye 39.3, na sesiamu kwenye 28.5, joto ambalo mchana wa kawaida wa Tanga au Mombasa hulipita.

Hatua ya nne: Tabiri ukubwa wa ioni

Atomu ya metali inapopoteza elektroni zake za nje, mara nyingi hupoteza ganda zima. Sodiamu yenye nusukipenyo cha 186 inakuwa ioni yenye 102. Zaidi ya hayo, elektroni zilizobaki ni chache kuliko protoni, hivyo zinavutwa ndani kwa nguvu zaidi. Kwa upande mwingine, atomu ya simetali inayopokea elektroni haiongezi ganda wala protoni. Inaongeza msukumano kati ya elektroni zilizomo, nazo hutanuka. Klorini ya 99 inakuwa kloridi ya 181. Kumbuka basi: ioni chanya ni ndogo kuliko atomu mama, na ioni hasi ni kubwa kuliko atomu mama.

Swali linalopendwa na watungaji wa mitihani ni la ioni zenye idadi sawa ya elektroni. Hapa mishale ya jedwali haifai, lakini hoja yetu inafaa bila kubadilishwa hata kidogo. Andika idadi ya elektroni ya kila ioni; ikiwa ni sawa kwa zote, linganisha protoni peke yake. Nitridi, oksidi, floridi, sodiamu, magnesiamu na alumini, zikiwa ioni, zote zina elektroni kumi. Protoni zao ni 7, 8, 9, 11, 12 na 13. Kundi lilelile la elektroni kumi linavutwa na mikono mingi zaidi kila hatua, na vipimo vinashuka kwa mpangilio huohuo: 146, 140, 133, 102, 72 na 54. Hapo ndipo lilipo jibu la floridi na sodiamu tuliyoanza nayo: elektroni ni kumi kwa kumi, ila floridi ina protoni tisa na sodiamu kumi na moja.

Jaribu mwenyewe kwa ioni za salfidi, kloridi, potasiamu na kalsiamu, zenye elektroni 18 kila moja, kabla ya kusoma sentensi inayofuata. Protoni ni 16, 17, 19 na 20, kwa hiyo salfidi ndiyo kubwa kuliko zote ikiwa na 184, ikifuatiwa na kloridi 181, potasiamu 138 na kalsiamu 100.

Naomba nikae kidogo kwenye ioni ya floridi, kwa kuwa katika Afrika Mashariki inagusa maisha ya watu. Katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, ikiwamo mitelemko ya Mlima Meru karibu na Arusha, maji ya chemchemi na visima yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na watoto waliokunywa maji hayo wakati meno yao yanajengeka hukua na meno yenye madoa ya kahawia. Sababu yake inasomeka katika vipimo vyetu. Madini yanayojenga meno na mifupa yana kalsiamu, fosfati na ioni za hidroksidi. Hidroksidi ina chaji hasi moja na nusukipenyo kinachokaribia 137. Floridi ina chaji hasi moja na nusukipenyo cha 133. Kwa chaji ileile na ukubwa unaokaribiana hivyo, floridi huingia katika nafasi ya hidroksidi bila kuvuruga jengo la fuwele. Kloridi yenye 181 haipati nafasi hiyo kwa urahisi, ndiyo maana chumvi ya mezani haifanyi meno kuwa ya kahawia.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayotoa tiba ya maji. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, umejaa madini yaleyale ya mfupa; maji yakipitishwa humo, floridi hubaki kwenye mkaa kwa kuchukua nafasi za hidroksidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Hatua ya tano: Tabiri nishati ya kung'oa elektroni

Nishati hii, ambayo vitabu huiita nishati ya uionishaji, ni gharama ya kuondoa elektroni moja katika kila atomu ya moli moja iliyo katika hali ya gesi. Elektroni inayovutwa kwa nguvu na iliyo karibu na kiini ni ghali. Iliyo mbali na iliyokingwa vizuri ni rahisi. Sodiamu inadai kilojuli 496, klorini 1251, na argoni iliyo mwisho wa kipindi 1521. Ukishuka katika kundi la kwanza, gharama inapungua: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidiamu 403, sesiamu 376. Heli, yenye elektroni mbili katika ganda la kwanza kabisa lisilo na kinga ya ndani, inashika nafasi ya juu kuliko elementi zote kwa kilojuli 2372.

Ukichora grafu ya kipindi cha pili utaona mstari unapanda ukiwa na vishimo viwili, na mtahini anayetaka kutenganisha waliokariri na walioelewa huuliza hapo. Beriliamu inadai 899, lakini boroni inayofuata inadai 801 tu. Elektroni ya nje ya boroni imeanza kukaa katika obitali za p, ambazo ziko juu kidogo kinishati kuliko obitali ya s ya ganda hilohilo na zinakingwa nayo, kwa hiyo inang'oka kwa urahisi ingawa protoni imeongezeka. Kishimo cha pili ni kati ya nitrojeni yenye 1402 na oksijeni yenye 1314. Nitrojeni ina elektroni tatu katika obitali tatu za p, kila moja katika obitali yake. Elektroni ya nne ya oksijeni inalazimika kuingia katika obitali yenye mwenyeji tayari, na wawili hao husukumana. Msukumano huo unapunguza gharama ya kumtoa mmoja wao. Utayakuta mambo hayohayo katika kipindi cha tatu: magnesiamu 738 na alumini 578, kisha fosforasi 1012 na salfa 1000.

Sasa endelea kung'oa. Elektroni ya pili siku zote ni ghali kuliko ya kwanza, maana unaivuta kutoka kwa kitu chenye chaji chanya. Lakini pale unapomaliza ganda la nje na kugusa la ndani, gharama haipandi kwa kawaida, inaruka. Kwa sodiamu ya kwanza ni 496 na ya pili 4562. Kwa magnesiamu ni 738, 1451, kisha 7733. Ukipewa elementi isiyotajwa jina ya kipindi cha tatu yenye 578, 1817, 2745 na 11577, usitazame tarakimu moja moja. Tafuta mahali pa mruko. Mruko uko kati ya elektroni ya tatu na ya nne, kwa hiyo elektroni za nje ni tatu, na elementi ni alumini. Kwa hesabu hii hutashangaa tena kwa nini hakuna aliyewahi kukuonyesha kloridi ya sodiamu yenye klorini mbili: gharama ya kuing'oa ile elektroni ya pili hailipiki kwa nishati inayopatikana wakati fuwele inajengeka.

Hatua ya sita: Upokeaji wa elektroni na nguvu ya kuivuta katika bondi

Sifa hizi mbili huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni nishati inayotolewa pale atomu iliyo peke yake, katika hali ya gesi, inapopokea elektroni. Inapimwa moja kwa moja. Ya pili, inayoitwa elektronegativiti, ni uwezo wa atomu iliyo ndani ya bondi kuzivuta upande wake elektroni wanazoshirikiana na mwenzake, na hutolewa kama namba isiyo na kipimo. Mizani inayotumika zaidi ni ya Linus Pauling wa Marekani, iliyotolewa mwaka 1932. Juu kabisa yupo florini kwa 3.98, akifuatiwa na oksijeni 3.44, klorini 3.16 na nitrojeni 3.04. Chini kabisa ni metali kubwa za kundi la kwanza, kama sodiamu 0.93, potasiamu 0.82 na sesiamu 0.79.

Mwelekeo wa elektronegativiti ni mwepesi, na kwa atakayekuwa ameelewa hatua ya pili hauhitaji maelezo marefu. Upokeaji wa elektroni ndio wenye jambo la kuzingatia. Kwa mazoea ya kundi, florini ingetoa nishati nyingi kuliko klorini. Vipimo vinasema vinginevyo: florini hutoa 328, klorini 349, bromini 325 na iodini 295. Ganda la pili la florini ni dogo mno, na elektroni saba zilizomo tayari zimebanana, hivyo mgeni wa nane anapokelewa kwa msukumano mkubwa. Klorini ina nafasi zaidi. Usikimbilie kuhitimisha kwamba klorini ni kali kuliko florini katika mmenyuko. Bondi kati ya atomu mbili za florini ni dhaifu, ikivunjika kwa kilojuli zipatazo 158, ilhali ya klorini hudai 243, na ioni ndogo ya floridi hushikwa kwa nguvu zaidi na maji au na ioni chanya katika fuwele. Hesabu yote ikijumlishwa, florini inashinda.

Hatua ya saba: Tumia hoja kutabiri mmenyuko

Ukijua nani anashikilia elektroni kwa nguvu na nani kwa ulegevu, unaweza kutabiri nani atamnyang'anya nani. Klorini ikipitishwa katika mmumunyo wa bromidi hutoa bromini, na ikipitishwa katika iodidi hutoa iodini. Iodini haiwezi kulipiza kisasi kwa kloridi. Elektroni ya ziada ya iodidi iko katika ganda la tano, katika ioni yenye nusukipenyo cha 220, na inashikiliwa kwa ulegevu kuliko zote tatu.

Ulegevu huo ndio ulioamua kilichomo katika pakiti ya chumvi iliyo jikoni kwako. Chumvi tunayoiita chumvi yenye madini joto huongezwa iodini ili kuzuia uvimbe wa tezi la shingo na madhara kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Njia nyepesi ingekuwa kuongeza iodidi ya potasiamu. Lakini katika hewa yenye joto na unyevu, oksijeni huinyang'anya iodidi elektroni yake pole pole, iodidi ikawa iodini, na iodini ikapotea hewani kama mvuke. Kwa sababu hiyo nchi za joto hutumia iodeti ya potasiamu, ambamo iodini imekwisha kuungana na atomu tatu za oksijeni na haina elektroni ya kulegea ya kunyang'anywa. Mpimaji anayedondoshea chumvi tone la dawa yenye wanga, iodidi na tindikali, kisha chumvi ikageuka buluu iliyokolea, anatumia mmenyuko huo kwa upande wa pili: iodeti inainyang'anya iodidi elektroni, iodini inazaliwa, na wanga unaikamata kwa rangi.

Kwa metali mambo ni kinyume, kwani mshindi ni anayetoa kwa urahisi. Lithiamu ikitiwa majini huchemka taratibu, sodiamu huyeyuka na kuwa kidonge kinachokimbia juu ya maji, na potasiamu huwaka kwa mwali wa zambarau hafifu. Haya yaonwe maabarani kwa kipande kidogo kama punje ya mchele, nyuma ya kioo cha kinga, na kamwe yasijaribiwe nyumbani.

Hatua ya nane: Tambua mahali ambapo kushuka chini hakuongezi ukubwa

Kuna sehemu moja ya jedwali ambapo mshale wa kushuka chini unakufa kabisa, na sababu yake ni kinga hafifu. Kati ya kipindi cha tano na metali mpito za kipindi cha sita zimepita lantanidi, yaani safu ya elementi ambayo kwa kawaida huchorwa chini ya jedwali, ambazo elektroni zao 14 huingia katika obitali za f. Obitali hizi hukinga vibaya. Protoni 14 zinaongezeka, kinga haifuati kwa kiasi kile, na atomu husinyaa kidogo kidogo hadi faida yote ya ganda jipya inaliwa. Zirikoniamu ya kipindi cha tano ina nusukipenyo cha 160, na hafniamu iliyo chini yake ina 159. Si ajabu kwamba hafniamu ilijificha ndani ya madini ya zirikoniamu hadi mwaka 1923, ilipogunduliwa Copenhagen kwa eksirei, kwa njia iliyofunguliwa na Moseley.

Jirani zao wa kulia, niobiamu na tantalamu, wanajulikana zaidi katika Kivu kuliko darasani. Ioni zao zenye chaji chanya tano zina nusukipenyo kilekile cha pikomita 64. Kwa ukubwa sawa na chaji sawa, fuwele inayojengeka katika mwamba haina namna ya kuwabagua, nao hukaa pamoja katika jiwe moja jeusi zito. Jiwe hilo ndilo koltani inayochimbwa Rubaya na kwingineko mashariki mwa Kongo, na tantalamu yake huishia katika kapasita ndogo za simu, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme. Jina lenyewe limebeba habari hiyo, maana linaunganisha kolumbiti yenye niobiamu na tantaliti yenye tantalamu.

Wanakemia wa Ulaya walihangaika nazo kwa zaidi ya miaka arobaini. Charles Hatchett aliitambua niobiamu London mwaka 1801 akaiita kolumbiamu, na Anders Ekeberg wa Uswidi akaitambua tantalamu mwaka 1802. Mwaka 1809 William Wollaston alitangaza kwamba ni kitu kimoja, na ni hadi mwaka 1844 ndipo Mjerumani Heinrich Rose alipoonyesha kwamba ni elementi mbili. Kuzitenganisha vizuri kulisubiri hadi mwaka 1866, Jean de Marignac wa Geneva alipoziunganisha na potasiamu na floridi. Tantalamu hujikusanyia floridi saba na kutoa chumvi isiyomumunyika kwa urahisi, na niobiamu, katika mmumunyo uleule, huibakiza oksijeni moja pamoja na floridi tano na kutoa chumvi inayomumunyika zaidi. Marignac aliupoza mmumunyo, sindano za fuwele za tantalamu zikajitenga chini ya chombo, na niobiamu ikabaki majini.